Albamu Isiyoongezeka



Baadhi yenu mmetuuliza, baada ya mafundisho ya Jumapili, ni kitu gani tunachokibeba ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa mara mbili kila mvua ya Butembo inapotishia. Mmoja alidhani ni vitabu vya hesabu vya parokia. Mwingine, kwa mzaha, alisema ni hati ya shamba. Ni albamu ya stempu, zile ambazo hapa kwetu wengi huziita kwa Kifaransa timbre. Tumeikusanya tangu tulipokuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, na sasa tumepita hamsini. Kwa zaidi ya nusu ya miaka hiyo haikuongezeka hata ukurasa mmoja. Leo tunapenda kuwaeleza kwa nini hatukuitupa, na ni deni gani tulilolikuta ndani yake.

Tulianza mwaka 1981. Wakati ule mapadri wa Shirika la Waagustino wa Kupalizwa, ambao wenzao wa kwanza walifika katika nchi yetu mwaka 1929, walikuwa bado wakipokea barua kwa wingi kutoka Ubelgiji na Uholanzi. Padri mmoja mzee, ambaye tulimfagilia ua kila Jumamosi, alitupatia bahasha tupu badala ya peremende. Tulilalamika moyoni, kwa maana peremende tulizijua, na bahasha hatukuzijua. Ndipo alipotufundisha kuikata bahasha kandokando ya stempu, kuiweka katika sahani ya maji ya vuguvugu, na kusubiri. Ukivuta kabla ya wakati, stempu hupasuka. Ukisubiri, gundi huachia yenyewe, na stempu huelea kama jani. Kisha huilaza kifudifudi juu ya gazeti kuukuu, na kesho yake huiweka ndani ya kitabu kizito ili inyooke. Somo letu la kwanza la subira tulilipata katika sahani hiyo, kabla hatujalisikia kwenye mimbari.

Tulipoingia shule ya ualimu, tulikuta kwamba albamu ile ilikuwa kitabu cha historia kuliko vitabu tulivyopewa. Stempu za kwanza za nchi hii zilitolewa mwaka 1886, zikiwa na sura ya Mfalme Leopold wa Pili, ambaye hakuwahi kukanyaga ardhi yetu. Baadaye zikaja za Kongo ya Wabelgiji, zenye vinyago na wanyama, na mwaka 1952 zikaanza kutolewa zile zenye picha za maua. Uhuru ulipofika mwaka 1960, maua yaleyale yalipigwa juu yake neno moja jeusi: CONGO. Nchi mpya ilianza safari kwa stempu za mwenye nyumba aliyehama. Mwaka 1967 fedha ikabadilika, faranga elfu moja zikawa zaire moja, na stempu zikaanza kuhesabiwa kwa makuta. Tarehe 27 Oktoba 1971 nchi yenyewe ikaitwa Zaire, na mwezi Mei 1997 ikarudia jina la Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mwanafunzi anayezipanga stempu hizo kwa utaratibu huona kwa macho yake jinsi majina ya wakubwa yanavyopita, na jinsi mto, okapi na mwanamke mwenye kikapu wanavyobaki.

Huko shuleni tulipata mwenzetu mmoja kutoka upande wa Beni, ambaye naye alikuwa mkusanyaji. Hatutamtaja jina, kwa kuwa yeye mwenyewe alituomba tusimtaje. Babu yake alikuwa karani zamani za Wabelgiji, akamwachia barua kuukuu zenye stempu za maua. Sisi tulikuwa na za Ulaya. Kila mwisho wa muhula tuliketi bwenini juu ya kitanda kimoja, tukabadilishana zile tulizokuwa nazo mbili mbili. Tulikuwa na sheria tatu: hakuna kulazimishana, hakuna kurudisha baada ya usiku mmoja kupita, na kila mtu aseme kasoro ya kitu chake kabla mwenzake hajakipokea. Sheria ya tatu tuliitunga sisi wenyewe, na sisi ndio tulioivunja.

Ilikuwa hivi. Tarehe 15 Agosti 1985 Papa Yohane Paulo wa Pili alikuja Kinshasa akamtangaza Sista Anuarite Nengapeta kuwa mwenyeheri, yule mtawa aliyeuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964. Posta ya Zaire ikatoa stempu za kulikumbuka tukio hilo. Mwenzetu alizipata mbili, na moja ilikuwa safi kabisa, bila muhuri, meno yake yote yamekamilika. Tuliitamani kama mtoto anavyotamani viatu vya mwingine siku ya Komunyo ya Kwanza. Akatuambia kwamba ataitoa kwa stempu moja tu: ua la mwaka 1952 ambalo yeye alilikosa katika mfululizo wake, nasi tulikuwa nalo. Lakini ua letu lilikuwa limepasuka. Usiku, wenzetu walipolala, tuliliunganisha kwa utomvu na kipande cha karatasi nyembamba nyuma yake, tukalibandika juu ya kadi ili asiweze kuligeuza. Asubuhi tulibadilishana. Hatukusema neno. Yeye alishukuru.

Hayo yalitukia mwaka 1988. Tulimaliza masomo, kila mmoja akaenda kufundisha upande wake, yeye huko Beni na sisi hapa Butembo. Kati ya miji hii miwili ni kilomita zipatazo 55 tu. Lakini nyinyi mnaijua barabara ile, na mnajua kwamba kwetu umbali hauhesabiwi kwa kilomita peke yake.

Kisha ukaja wakati wa ukavu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 bei zilipanda hata posta ikawa inapiga thamani mpya juu ya stempu za zamani, kwa sababu karatasi ilikuwa bado haijazeeka lakini bei iliyoandikwa juu yake ilikuwa imekufa. Mwaka 1993 zaire milioni tatu ziligeuzwa kuwa zaire mpya moja. Mwaka 1998 zaire mpya laki moja zikawa faranga moja. Mishahara ya walimu mliisikia kwa wazazi wenu. Vikaja vita vya mwaka 1996, halafu vya mwaka 1998, na mji wetu ukatengwa na Kinshasa kwa miaka. Barua zikawa zinasafiri mfukoni mwa wafanyabiashara wanaopita Kasindi kwenda Uganda, bila stempu yoyote, zimeandikwa tu jina la mpokeaji na mtaa. Zilifika, tena mara nyingi zilifika upesi kuliko zamani. Lakini kwa mkusanyaji zilikuwa bahasha kavu. Baadaye zikaja simu za mkononi, na hata wale waliokuwa wakiandika barua wakaacha.

Tunakiri kwamba tulikata tamaa. Mkusanyaji asiyepata kitu kipya hujiona kama mvuvi aliyekaa kando ya bwawa lililokauka, akishika ndoano kwa sababu tu ya mazoea. Mke wetu alituuliza siku moja, bila ubaya wowote, kama kile kisanduku kingeweza kutunzia mbegu za maharagwe. Hatukuwa na jibu zuri. Tulisema tu: ngoja kwanza.

Katika kungoja huko tuligundua jambo ambalo siku za wingi hazikutufundisha. Stempu zilipokuwa zikija kila juma, tulikuwa tukizibandika haraka haraka ili tupate nafasi ya nyingine. Hatukujua tulicho nacho. Zilipokoma, tulilazimika kuzitazama. Tukajitungia kazi nne. Ya kwanza ilikuwa kuzisafisha na kuzikausha, kwa kuwa wahenga walisema akiba haiozi, lakini wahenga hao hawakuishi katika ukungu wa Butembo. Hapa kwetu akiba isiyopigwa hewa huota kuvu. Ya pili ilikuwa kuandika, chini ya kila stempu, mwaka wake, nchi yake, na aliyetupatia. Ya tatu ilikuwa kuzitumia darasani. Ramani ya ukutani ilikuwa imechanika, basi tulifundisha jiografia ya Ulaya na Afrika kwa stempu, watoto wakipita mmoja mmoja mikono nyuma ya mgongo, kwa sababu jasho la vidole ni adui wa karatasi. Ya nne ilikuwa kutenga zile zilizokuwa mbili mbili, na kumpa kila mtoto aliyeonyesha hamu tano za kuanzia.

Msidhani kwamba kazi hizi ni za watu wenye nafasi tu. Mwaka 1873, huko Guyana ya Waingereza, kijana Mskoti mwenye umri wa miaka kumi na miwili alikuta kati ya karatasi za nyumbani kwao stempu nyekundu ya senti moja ya mwaka 1856. Hakuipenda sana, akaiuza kwa shilingi sita ili anunue nyingine zilizompendeza zaidi. Stempu hiyo ni ya pekee duniani, na mwaka 2014 iliuzwa New York kwa zaidi ya dola milioni tisa. Huko Marekani vijana hukusanya kadi zenye picha za wachezaji wa besiboli, na kadi moja ya Honus Wagner, iliyochapishwa kati ya mwaka 1909 na 1911, iliuzwa mwaka 2022 kwa dola milioni saba na robo. Hatuwaelezi haya ili muende kupekua masanduku ya bibi zenu mkitafuta utajiri. Katika albamu yetu hakuna kitu kama hicho. Yote kwa pamoja pengine hayanunui baiskeli. Tunawaeleza ili mwone kwamba yule kijana wa Guyana hakuwa mjinga. Alikuwa na haraka tu.

Sasa turudi kwenye deni letu.

Tangu Oktoba 2014 mauaji yalianza kulikumba eneo la Beni, na mnayajua kuliko tunavyoweza kuyaandika. Tarehe 1 Agosti 2018 ulitangazwa ugonjwa wa Ebola, ambao haukutangazwa kwisha hadi tarehe 25 Juni 2020, baada ya kuchukua watu 2,287. Mnakumbuka ndoo za maji ya klorini mlangoni mwa kanisa, na jinsi tulivyoacha kupeana mkono wa amani. Kabla Ebola haijaisha, mwezi Machi 2020, makanisa yalifungwa kwa sababu ya Korona. Vikundi vya vijana havikukutana. Shule zilifungwa. Tulikuwa nyumbani, bila darasa na bila mafundisho, na tukafanya tulichozoea kufanya wakati wa ukavu: tukafungua albamu.

Tulikuwa tukiandika majina ya watoaji chini ya stempu, kazi ile ya pili ambayo ilikuwa haijakamilika. Tukafika kwenye ukurasa wa Mwenyeheri Anuarite. Tukaandika mwaka. Tukaandika Zaire. Kisha ilitupasa kuandika: imetoka kwa nani, na kwa njia gani. Kalamu ikasimama. Kwa miaka thelathini na miwili tulikuwa tukiupita ukurasa ule kwa haraka ya siku za wingi, au kwa kiburi cha mwenye kitu kizuri. Sasa hakukuwa na haraka, wala hakukuwa na mtu wa kumwonyesha. Ilibaki stempu na sisi. Na sura iliyokuwa juu ya stempu ilikuwa ya mtu aliyekubali kufa kuliko kusema ndiyo mahali pa hapana. Sisi tulikuwa tumeipata kwa kunyamaza mahali pa kusema.

Mtatuuliza: je, hamkuungama? Tuliungama, zamani sana, kwa maneno ya jumla, kama wengi tunavyofanya. Tulisema tumedanganya. Hatukusema tumemdanganya nani, wala hatukurudisha. Zakayo, mnavyokumbuka, hakuishia kujuta. Alitaja hesabu ya kurudisha. Nasi tuliokuwa tukiwafundisha watoto habari zake kila mwaka tulikuwa na albamu kabatini.

Mwenzetu yule alikuwa amekimbia kijiji chake, kwenye barabara iendayo Oicha, mwishoni mwa mwaka 2019. Tulikuwa tumesikia kwamba yupo hapa Butembo, yeye na jamaa yake, katika chumba kimoja kwa ndugu zake. Tulikuwa tumesikia, na hatukuwa tumekwenda. Hilo nalo tuliandike, kwa kuwa ni baya kuliko stempu.

Tulikwenda siku ya pili yake, tukiwa tumeiweka stempu ndani ya bahasha, na mfuko wa maharagwe mkononi, maana mtu haendi mikono mitupu kwa mwenye wakimbizi. Tulimkuta ameketi kibarazani. Hatukupeana mkono, tuligusana viwiko, kama desturi ya siku zile. Alituita kwa jina la bwenini, ambalo hakuna aliyetuita kwalo kwa miaka mingi. Tulizungumza juu ya watoto, juu ya mvua, juu ya waliofariki. Mwishowe tukasema:

“Kaka, tuna neno. Lile ua tulilokupa mwaka ule lilikuwa limepasuka. Tuliliunganisha usiku.”

Akanyamaza kidogo, kisha akasema: “Nililijua juma lilelile. Nililitia majini ili niling'oe kwenye kadi, likagawanyika vipande viwili.”

“Mbona hukusema?”

“Usiku mmoja ulikuwa umepita. Sheria ya pili. Na tena, ningesema, tusingebadilishana tena, na mimi sikuwa na mwingine wa kubadilishana naye.” Akatazama barabarani. “Nilingoja useme wewe.”

Tulimpa bahasha. Tulitazamia, tunakiri, kwamba ataikataa kwa upole, atasema mambo ya utotoni yamepita, nasi tutarudi nyumbani na stempu pamoja na moyo mwepesi. Hakuikataa. Aliifungua, akaigeuza kwa ncha ya ukucha, akaangalia meno yake upande hata upande, akasema: “Umeitunza vizuri.” Kisha akatueleza kwamba albamu yake yote, na barua za babu yake, na maua yote ya mwaka 1952, vilibaki kijijini, na kwamba nyumba ile imechomwa. Hiyo moja ndiyo stempu pekee aliyokuwa nayo sasa duniani.

Hapo tulielewa kitu ambacho hakuna orodha ya bei iwezayo kukionyesha. Tulikuwa tumekuja kurudisha kitu mahali pake, na mahali pake hapakuwapo tena. Deni lililongojwa sana halilipwi lote. Laiti tungelirudisha mwaka 1989, lingerudi ndani ya albamu yenye maua na barua za mzee. Sasa lilirudi katika mkono mtupu. Alitusamehe, na msamaha wake ulikuwa wa kweli, lakini haukuifufua nyumba. Basi nyinyi mlio na kitu cha mwenzenu, kiwe kitabu, simu au neno mlilolisema nyuma ya mgongo wake, msingoje wakati ulio bora. Katika nchi yetu msidhani kwamba mlango mnaoujua leo utakuwapo kesho.

Baada ya hapo tulikata shauri. Kwa kuwa tulikuwa na stempu nyingi za nchi hii zilizo mbili mbili, tuligawana naye nusu kwa nusu, si kama sadaka bali kama malipo ya riba. Alibisha kuhusu zingine, akisema kasoro zake kwa sauti, moja baada ya nyingine, akitutazama usoni, nasi tulistahili. Fundi seremala wa jirani akatutengenezea kisanduku, na mwenzetu akaanza albamu mpya katika daftari la shule lenye mistari. Ukurasa wa kwanza ni wa Anuarite.

Hata leo stempu mpya hazitufikii. Nyakati nyingine ndugu aliyeko Ulaya hututumia bahasha kwa mkono wa msafiri. Tunajihadhari pia na karatasi nzuri za rangi zinazouzwa kwa majina ya nchi maskini bila kupita posta yoyote. Umoja wa Posta Duniani umetoa maonyo mengi juu ya stempu haramu za namna hiyo. Kwa hiyo albamu zetu mbili zinaendelea polepole, kama mzee apandaye kilima cha soko. Lakini kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, usalama ukiruhusu, sisi na mwenzetu huketi pamoja na vijana saba au wanane wa parokia, tukiwa na sahani ya maji ya vuguvugu katikati. Sheria ni zilezile tatu. Ya tatu husomwa kwa sauti kabla ya kuanza, na husomwa na sisi.

Yeyote kati yenu anayependa kuja, na aje. Asilete fedha. Alete bahasha kuukuu kama anayo, na kama hana, alete mikono iliyonawiwa na kukaushwa vizuri. Atapewa tano za kuanzia.

Na akiifungua albamu yetu, atakuta katika ukurasa wa Mwenyeheri Anuarite nafasi moja tupu, yenye alama hafifu ya mahali stempu ilipokaa kwa miaka thelathini na miwili, karatasi ikiwa nyeupe zaidi hapo kuliko pembeni. Chini yake tumeandika mwaka, nchi, na jina la mwenyewe. Vijana hutuuliza kwa nini hatuweki nyingine hapo. Mwenzetu huwajibu kwamba hatujapata iliyo safi.